Je, croon ni kuimba? Jibu kwa mfasiri wa Majengo

Swali: Asalaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni mfasiri chipukizi hapa Majengo, Mombasa. Ninatafsiri hadithi fupi ya Kiingereza kuhusu familia ya wafugaji, na kitenzi croon kimenitoa jasho. Kinatokea mara tatu katika usiku mmoja. Kwanza mama anamwimbia mtoto mwenye homa. Kisha mama huyo huyo anamwambia mtoto "basi, basi, mama yupo", na pale ambapo ningetarajia "alisema" mwandishi ametia croon. Mwisho baba yuko zizini na farasi, peke yake, naye pia kitenzi ni hicho hicho. Kamusi yangu inasema "imba kwa sauti ya chini". Nimeandika hivyo kote kutatu, na mhariri amenirudishia kazi ikiwa na alama za kuuliza. Halafu nimeona crooner ni mwimbaji wa zamani wa nyimbo za mapenzi. Je, hili ni neno moja au ni mawili? Na Kiswahili chetu hakina neno lake?

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Mhariri wako ana haki ya kuuliza, na kamusi yako nayo haijakudanganya. Imekupa nusu ya maana, ile nusu inayosikika. Nusu iliyobaki ndiyo inayokusumbua.

Mimi mwenyewe kitenzi hiki kiliwahi kunikwamisha nilipokuwa mfasiri mchanga. Nilipewa mchezo wa redio niutie Kiswahili. Mama amekesha na mtoto mahututi, na kando ya maneno yake mtunzi ameandika croon. Nikaandika "akiimba kwa sauti ya chini". Siku ya kurekodi, mwigizaji akasogea kwenye maikrofoni, akausoma mstari, akanigeukia: "Mwalimu, mahadhi gani?" Sikuwa na la kumjibu, maana hapakuwa na wimbo. Maneno yenyewe yalikuwa "nyamaza, mwanangu, kunakucha sasa hivi". Akajaribu kuyaimba hivyo hivyo, yakatoka kama kiitikio cha chakacha, na sisi tuko kando ya kitanda cha mgonjwa. Palikuwa na mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Kibokoni, anangoja zamu yake. Akamwambia, "Usiimbe, mwanangu. Muongoe." Basi. Yule mwigizaji akateremsha sauti, akayavuta maneno kidogo, akayaacha yapande na kushuka kama mtu anayetembeatembea na mtoto begani, na chumba kizima kikatulia.

Neno moja la yule mama lilinifunza nilichokuwa sijakiona katika kamusi zote mbili mezani pangu. Croon ni jina la sauti. Ongoa ni jina la jambo ambalo sauti hiyo inamtendea mtu.

Kiingereza kina vitenzi chungu nzima vinavyoeleza mdomo unafanya nini: kuna cha kuimba ukiwa umefumba midomo, cha kusema kwa mnong'ono, cha kusema kwa mvumo usioeleweka vizuri, cha kuimba kwa kurudiarudia kama dua, na hiki chako. Sisi, ukiacha nong'ona na wenzake wachache, tuna "imba" na "sema", na kwa namna ya sauti tunaongeza maneno: kwa sauti ya chini, taratibu, kwa upole. Lakini tazama tulivyo matajiri upande wa pili: bembeleza, tuliza, liwaza, ongoa, tumbuiza, rai. Vyote vinataka mtu wa kutendewa. Huwezi kubembeleza bila kuwepo anayebembelezwa. Hata ukimwacha bila kumtaja, msomaji atamtafuta. Kitenzi cha Kiingereza kinaweza kusimama peke yake gizani bila msikilizaji yeyote, na bado kikawa kamili. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni sauti gani, uliza nani anasikiliza na anafanywa nini. Ukilipata hilo, kitenzi cha Kiswahili kinajileta chenyewe.

Tuimalize kwanza habari ya sauti, maana nayo ina mipaka yake. Weka vidole viwili kooni, hapo kwenye kikoromeo. Nong'ona jina la mtu unayempenda. Vidole havihisi kitu, ni pumzi tu inayopita. Sasa litaje jina lile lile kwa sauti nzito ya chini, uivute irabu ya mwisho. Utahisi mtetemo. Huo mtetemo lazima uwepo, ndiyo maana "nong'ona", ambalo nimeliona katika tafsiri nyingi, ni kosa. Fumba midomo uendelee kuutoa mlio huo, na utakuwa umeingia katika kitenzi kingine cha Kiingereza, hum. Croon mdomo u wazi, na kwa kawaida kuna maneno, hata kama yamekatikakatika. Tena sauti inapanda na kushuka kidogo. Inaweza kuwa wimbo kamili, inaweza kuwa maneno ya kawaida yaliyolainishwa hadi yakakaribia wimbo. Mstari wa pili wa hadithi yako uko hapo.

Kuhusu matamshi, kwa kuwa utasomea watu kazi yako: ni silabi moja, yenye "uu" ndefu. Ulimi wetu hupenda kupenyeza irabu kati ya k na r, uzuie.

Neno lenyewe halikuanza likiwa tamu. Liliingia Uskoti na kaskazini ya Uingereza mnamo karne ya 15, kutoka upande wa Uholanzi na Ujerumani ya kaskazini. Ndugu yake yuko hai hadi leo katika Kiholanzi, kreunen, na maana yake ni kugumia, kama mtu mwenye maumivu. Waskoti walilitumia hata kwa mlio wa ng'ombe. Mshairi wao Robert Burns ana shairi la mwaka 1785 kuhusu usiku wa Halloween, yaani mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, ambamo mjane mmoja mchangamfu anatoka usiku kwenda kijitoni kubashiri mambo ya mume. Ghafla kutoka vichakani mlio unasikika. Ni shetani, au ni mtamba aliyelala nje? Mama wa watu anashtuka, mguu unateleza, anatumbukia majini mpaka masikioni. Mlio ule uliomtupa majini, Burns ameuita croon.

Miaka michache baadaye, katika shairi lake maarufu la Tam o' Shanter lililochapishwa 1791, Burns analitumia tena, na safari hii ni binadamu. Tam ametoka kunywa. Usiku ni wa mvua na radi, yuko juu ya farasi wake jike, mkono mmoja umeshika kofia isipeperuke. Mara anajiimbia wimbo wa zamani wa Kiskoti, mara anageuka kutazama nyuma asije akakamatwa na mazimwi. Mashairi ya Burns ndiyo yaliyolitembeza neno hili hadi kwa wasomaji wa Kiingereza waliokuwa hawajawahi kufika Uskoti.

Nimekusimulia hayo kwa sababu ya baba yako wa zizini. Ukidhani croon ni lazima iwe bembelezi ya mtoto, utashindwa kumwelewa. Tam hambembelezi mtu. Anaimba ili asikie sauti ya mtu, hata kama mtu huyo ni yeye mwenyewe. Kila aliyewahi kupita njia ya makaburini usiku anajua sauti hiyo. Sisi nasi tuna neno lililotembea safari kama hiyo: vuma. Upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma, na jina la mtu pia huvuma. Mlio ule ule mzito, umepewa kazi nyingi.

Sasa crooner. Ni neno lile lile, lakini limepelekwa mahali pengine na mashine. Kabla ya miaka ya 1920, mwimbaji wa jukwaani alilazimika kuijaza nyumba nzima kwa kifua chake. Aliyekaa kiti cha nyuma kabisa alilipa naye, na alitaka kusikia. Rudy Vallée wa Marekani, ambaye sauti yake haikuwa kubwa, alifahamika kwa kuimbia ndani ya kipaza sauti cha mkono, lile bomba lenye mdomo mpana. Kisha ikaja maikrofoni. Kuanzia 1925 makampuni makubwa yalianza kurekodi santuri kwa umeme, na redio nazo zilikuwa zinaingia majumbani. Ghafla mwimbaji hakuhitaji tena kupaza sauti. Angeweza kuimba kama mtu aliyekaa nawe kwenye baraza, na watu milioni wakamsikia, kila mmoja akidhani anaimbiwa yeye. Bing Crosby ndiye aliyeifanya namna hiyo ya kuimba kuwa kazi ya maisha, na baada yake akaja Frank Sinatra na wengine.

Si wote waliofurahi. Mapema mwaka 1932, Kadinali William O'Connell wa Boston alizishutumu hadharani nyimbo hizo kuwa ni za aibu na zisizofaa. Mimi naona alisikia vizuri kabisa, ila hakupenda alichosikia: mwanamume asiyemjua, ndani ya sebule ya watu, anamsemesha mwanamke kwa sauti ya chumbani. Sauti iliyokuwa ya mama na mtoto, au ya mtu na nafsi yake, ilikuwa imeingia sokoni.

Yupo mmoja wao ambaye mtu wa Pwani hawezi kumpita bila kumsalimu. Al Bowlly, aliyekuja kuwa kipenzi cha wasikilizaji wa Uingereza katika miaka ya 1930, alizaliwa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, kwenye bahari yetu hii hii ya Hindi. Wazazi wake walikuwa mmoja Mgiriki na mmoja wa asili ya Lebanoni. Aliuawa London Aprili 1941, bomu la Wajerumani lilipoanguka karibu na nyumba aliyokuwa amelala.

Kwa hiyo kitenzi na jina vimeachana kidogo, na hapo ndipo wafasiri wengi hujikwaa. Nyanya anayembembeleza mjukuu anafanya kitendo cha croon, lakini hakuna Mwingereza atakayemwita crooner. Jina hilo ni la mwimbaji wa kazi hiyo, karibu kila mara mwanamume, suti imenyooka, bendi nyuma yake, nyimbo za mapenzi. Ukilikuta katika kazi yako, andika "mwimbaji wa sauti nyororo", na kama muktadha unadai, ongeza "wa nyimbo za mapenzi". Nimewaona wanaoandika "kruna". Siipendi, kwa sababu msomaji hapati kitu cha kushika. Afadhali umkumbushe sauti anayoijua. Mzee Fundi Konde, mtoto wa Pwani aliyezaliwa 1924, aliimba na gitaa lake kwa utulivu wa mtu aliye chumba kimoja nawe. Marehemu Zein l'Abdin alikuwa akiuachia udi useme kwanza, kisha sauti yake nzito inakuja chini yake bila haraka. Hawakuitwa kwa jina la Kiingereza, ila ukitaka kusikia kitendo chenyewe katika lugha yako, anzia hapo.

Turudi kwa maneno yetu, maana swali lako la mwisho ndilo lililonigusa zaidi. Kiswahili kinalo neno, tena kinayo kadhaa, lakini kila moja lina mlango wake.

Tumbuiza ndilo lililokuwa karibu kuliko yote. Maana yake ya zamani ni kumtuliza mtu kwa kumwimbia, kumlaza mtoto kwa wimbo. Na katika ushairi wetu kuna bahari nzima, yaani aina ya mashairi, inayoitwa utumbuizo. Tatizo ni leo. Msomaji wa Mombasa akiona "alimtumbuiza", masikio yake yanasikia spika, jukwaa, msanii ametumbuiza mashabiki kule ufukweni Mama Ngina. Neno limekuwa la kelele. Inaniuma kusema hivyo, kwa kuwa ni neno zuri, na katika hadithi ya zamani, au katika mdomo wa mzee, bado ningelitumia bila kusita. Katika hadithi yako litamshtua mtoto mgonjwa.

Bembeleza lina joto linalotakiwa, na wanafunzi wetu wanalijua kutoka kwenye bembelezi za fasihi simulizi. Limetoka ukoo mmoja na bembea, kwa hiyo ndani yake mna mwili unaoyumba huku na huku. Lakini lina sura ya pili: tunambembeleza mwenye nyumba angoje kodi mpaka mwisho wa mwezi. Mtoto akiwepo kwenye sentensi hakuna atakayekosea. Akiwepo mtu mzima, angalia. Anaweza kuonekana anaombwa kitu.

Na ikiwa utakutana na mtu mwovu katika hadithi anayetumia sauti hiyo ya asali kumlaghai mwenzake, kwani waandishi wa Kiingereza hupenda kufanya hivyo, usimpe bembeleza. Mpe rairai. "Alimrairai" inabeba utamu na hila kwa pamoja.

Imbia, yaani imba katika kauli ya kutendea, linamleta msikilizaji kwenye sentensi kwa herufi chache tu, na ni chaguo salama pale ambapo wimbo upo kweli. Ila kumbuka uko Mombasa. Mwanamke akisema "jana kwenye arusi kaniimbia", si lazima awe amebembelezwa. Huenda amepigwa kijembe mbele ya watu. Mtoto hana wa kumpiga vijembe, kwa hiyo hapo huna hofu, lakini kati ya mawifi fikiria mara mbili.

Halafu ongoa. Nyanya yangu alikuwa akiongoa wajukuu kwa zamu, katika chumba cha juu kule Mji wa Kale, chumba chenye dirisha moja la kutazama kichochoro. Alikuwa akimfunga mtoto kifuani kwa leso, anatembea kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi, hatua saba. Nilizihesabu kwa kuwa nilikuwa nimelala kwenye mkeka na miguu yake ilikuwa ikipita karibu na uso wangu. Wimbo ulianza na maneno kamili. Baada ya muda maneno yalipungua, likabaki jina la mtoto, kisha ikabaki irabu ya mwisho ya jina. Kila alipofika dirishani sauti ilibadilika kidogo kwa sababu alikuwa amegeukia nje. Hakukuwa na kipande ambacho ungeweza kusema hapa ameacha kuimba na hapa ameanza kusema. Yote yalikuwa kuongoa. Hicho ndicho kitendo kizima, pamoja na miguu.

Wapo watakaokuambia neno hilo litawachanganya wasomaji wa bara, wanaolijua ongoa kwa maana ya kumwelekeza mtu kwenye njia njema. Ni kweli maana hiyo ipo, na msikitini ndiyo tunayoisikia zaidi. Lakini weka mtoto mchanga, usiku na machozi katika sentensi, na hata msomaji wa Eldoret ataelewa bila kufungua kamusi. Usiliogope neno kwa sababu tu ni la kwetu.

Basi mistari yako mitatu. Wa kwanza una wimbo na una mtoto: "Akampakata, akawa anamwongoa kwa wimbo wa taratibu mpaka kope zikalegea." Wa pili hauna wimbo, una maneno tu, na hapo kosa lako la "aliimba" ndilo kubwa zaidi, kwa sababu msomaji ataanza kutafuta mahadhi kama mwigizaji wangu. Andika: "'Basi, basi, mama yupo,' akambembeleza." Usiongeze "kwa sauti ya chini". Hakuna anayembembeleza mgonjwa kwa kupiga kelele, na kitenzi kimekwisha kuifanya kazi hiyo.

Wa tatu ndio nilioufikiria kwa muda mrefu. Umesema baba yuko peke yake, na papo hapo umesema yuko na farasi. Ni yapi kati ya hayo? Rudi kwenye Kiingereza utazame kinachofuata kitenzi. Kama hakuna kitu, basi huyu ni Tam wa kwenye mvua, anajiimbia. Kiswahili kina njia nzuri mno ya kulisema hilo: rudufisha kitenzi. "Huko zizini baba alikuwa akiimbaimba." Imbaimba ni wimbo usio na mwanzo wala mwisho, wa mtu ambaye mawazo yako kwingine, na mawazo ya huyu baba yamo ndani ya nyumba kwa mtoto.

Lakini kama baada ya kitenzi kuna kile kihusishi to, na kikafuatwa na farasi, mambo yanageuka. To ndiyo inayomleta msikilizaji katika Kiingereza, kama sisi tunavyomleta kwa kiambishi cha mtendwa. Farasi atakuwa anaongolewa. Na mwandishi wako hakulirudia neno mara tatu kwa uvivu: ametaka tumwone mama ndani na baba nje, wakati mmoja, usiku ule ule, kila mmoja akitoa sauti ile ile kwa kiumbe asiyejua kusema kinachomuuma. Hapo nisingetumia imbaimba. Ningechukua kitenzi kile kile cha mstari wa kwanza, nikaandika "baba alikuwa akimwongoa farasi, mkono uko shingoni mwake", ili masikio ya msomaji wa Kiswahili yakumbuke yalilisikia wapi neno hilo kurasa mbili nyuma. Mhariri akiweka alama ya kuuliza tena, mwonyeshe ile to.